Imamu Nawawi

Imamu Nawawi (jina lake: Abu Zakariya Yahya bin Sharaf al-Nawawi, alizaliwa Nawa, Oktoba 1233, alifariki Nawa, Desemba 1277) alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu kutoka nchi ya Shamu, katika eneo ambalo leo liko kusini mwa Syria. Alikuwa mtaalamu wa hadithi na wa fiqhi ya madhehebu ya Shafii.

Anajulikana zaidi kwa vitabu vyake, hasa Arba'in (mkusanyo mfupi wa hadithi), Riyadh al-Salihin na Minhaj al-Talibin, ambavyo husomwa hadi leo katika madrasa nyingi duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki. Anakumbukwa pia kwa jinsi alivyoishi alipokuwa mwanafunzi na baadaye mwalimu: alikaa katika chumba kidogo cha madrasa, alikula kidogo, hakupokea zawadi za wanafunzi wake, na aliwaandikia watawala barua za kutetea raia.

Habari nyingi za maisha yake zimetoka kwa mwanafunzi wake Alauddin Ibn al-Attar (alifariki 1324), aliyekaa naye kwa miaka kadhaa na kuandika wasifu wake.

Jina

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yahya, na baba yake aliitwa Sharaf. "Nawawi" maana yake ni mtu wa Nawa, mji aliozaliwa. Watu walimpa lakabu ya Muhyiddin, yaani mhuishaji wa dini, lakini inaelezwa kwamba yeye mwenyewe hakupenda kuitwa hivyo. Hakuoa wala hakuwa na mtoto. Kuniya ya Abu Zakariya alipewa kwa kufuata desturi ya Waarabu, ambao huhusisha jina la Yahya na la Zakariya kwa sababu Nabii Yahya alikuwa mwana wa Nabii Zakariya.

Mazingira ya wakati wake

Nawawi aliishi katika karne yenye misukosuko. Alipozaliwa, Shamu ilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Ayubi, ndugu na wajukuu wa Salahuddin. Mwaka 1258 Wamongolia waliuteka mji wa Baghdad na kumuua khalifa. Mwaka 1260 waliingia Dameski, lakini mwezi wa Septemba mwaka huohuo walishindwa na jeshi la Wamamluki wa Misri katika vita vya Ain Jalut. Baada ya hapo Shamu ilitawaliwa kutoka Kairo, na Sultani Baybars akawa mtawala kuanzia 1260 hadi 1277.

Hata hivyo Dameski ulibaki kuwa mji wa elimu. Ulikuwa na makumi ya madrasa zilizojengwa na wafalme, matajiri na wanawake wa koo zenye uwezo. Neno madrasa hapa halina maana ya chuo cha watoto wanaoanza kusoma Kurani. Madrasa ya wakati ule ilikuwa chuo cha elimu ya juu, ambako kijana aliyekwisha kuhifadhi Kurani alijifunza fiqhi, hadithi, usuli na lugha.

Gharama zake zililipwa na wakfu. Mwanzilishi alitoa shamba, bustani au maduka, na mapato yake yalitumika kumlipa mwalimu, kutunza jengo na kuwapa wanafunzi posho, ambayo mara nyingi ilikuwa mkate wa kila siku. Baadhi ya madrasa zilikuwa na vyumba vya kulala, na kijana maskini kutoka shamba aliweza kusoma miaka mingi bila kulipa ada.

Utoto mjini Nawa

Nawa ni mji wa eneo la Hauran, kusini mwa Dameski, nchi ya mashamba ya ngano. Baba yake alikuwa na duka dogo. Wakati Yahya alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, sheikh mmoja aliyeitwa Yasin al-Marrakushi alipita Nawa akamwona. Watoto wenzake walikuwa wakimlazimisha acheze nao, naye alikuwa akiwakimbia huku akilia na kusoma Kurani. Sheikh Yasin alimwendea mwalimu wa mtoto huyo akamshauri amwangalie kwa makini, kwa kuwa aliona dalili za mwanachuoni. Mwalimu alifikisha maneno hayo kwa baba.

Baba alikuwa amemweka dukani ili ajifunze biashara, lakini mtoto alikuwa akiendelea na Kurani yake hata wateja walipokuwa wakinunua. Baada ya kushauriwa, baba hakumzuia tena. Yahya alimaliza kuhifadhi Kurani alipokuwa akikaribia kubaleghe.

Kutafuta chumba Dameski

Mwaka 1251, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, baba yake alimpeleka Dameski. Kwanza alijiunga na darasa la mufti wa Shamu, Tajuddin al-Farkah. Kijana huyo alipata mwalimu mkubwa, lakini hakuwa na mahali pa kulala, kwa kuwa mahali alipofundisha mufti hapakuwa na chumba kwa ajili yake. Alimweleza mwalimu shida yake, naye akamwelekeza kwa sheikh mwingine, Kamaluddin Ishaq al-Maghribi, katika Madrasa ya Rawahiyya.

Rawahiyya ilikuwa karibu na Msikiti Mkuu wa Bani Umayya, na ilikuwa wakfu wa mfanyabiashara tajiri wa ukoo wa Rawaha. Hapo Yahya alipata chumba kidogo na posho ya mkate. Chumba hicho kilikuwa makazi yake kwa muda mrefu, hata baada ya kuwa mwalimu maarufu. Inasimuliwa kwamba kilijaa vitabu kiasi kwamba mgeni alipoingia, ilibidi vitabu vipangwe juu ya vingine ili apate nafasi ya kukaa.

Maisha ya mwanafunzi katika Rawahiyya

Nawawi alimweleza Ibn al-Attar kwamba katika miaka miwili ya kwanza hakulaza ubavu wake chini ili alale. Usingizi ulipomzidi, aliegemea vitabu vyake kwa muda mfupi, kisha akazinduka na kuendelea kusoma. Chakula chake kilikuwa posho ya madrasa.

Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa fiqhi ilikuwa kuhifadhi kitabu cha msingi. Nawawi alihifadhi al-Tanbih cha Abu Ishaq al-Shirazi kwa muda wa miezi minne na nusu. Katika miezi iliyobaki ya mwaka huo alihifadhi robo ya al-Muhadhdhab, kitabu kikubwa zaidi cha mwandishi huyohuyo. Alimsomea mwalimu wake Ishaq al-Maghribi alichohifadhi, naye alimsahihisha na kumfafanulia. Mwalimu alipoona bidii yake na jinsi alivyojitenga na mikusanyiko ya mazungumzo, alimpenda na kumfanya mrudiaji wa somo. Mrudiaji alikuwa mwanafunzi aliyekaa na wenzake baada ya darasa na kuwarudishia maelezo ya sheikh hadi yawaingie.

Mwaka 1253 alifunga safari ya Hija pamoja na baba yake, na ibada ya Hija ikaangukia mapema mwaka 1254. Walikaa Madina kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Baba yake alisimulia kwamba kijana alishikwa na homa tangu walipoondoka Nawa hadi siku ya Arafa, lakini hakulalamika hata mara moja.

Masomo kumi na mawili kwa siku

Baada ya kurudi, Nawawi alisoma masomo 12 kila siku kwa masheikh mbalimbali, akisahihisha nakala yake na kuandika maelezo. Masomo hayo yalikuwa hivi:

- mawili katika al-Wasit, kitabu cha fiqhi cha Ghazali;
- moja katika al-Muhadhdhab;
- moja katika kitabu kilichounganisha hadithi za Bukhari na Muslim;
- moja katika Sahihi ya Muslim;
- moja katika kitabu cha nahau cha Ibn Jinni;
- moja katika Islah al-Mantiq, kitabu cha lugha;
- moja katika mnyambuliko wa maneno ya Kiarabu;
- mengine katika usuli ya fiqhi, majina ya wapokezi wa hadithi, na usuli ya dini.

Aliandika pembeni mwa kila kitabu ufafanuzi wa maneno magumu, matamshi sahihi ya majina na mambo yaliyomtatiza. Mazoea hayo yalimsaidia baadaye, kwa sababu vitabu vyake vinasifiwa kwa namna vinavyoyafafanua maneno magumu mapema, kabla msomaji hajakwama.

Miongoni mwa walimu wake wa lugha alikuwa Ibn Malik, mtungaji wa Alfiyya, utenzi mashuhuri wa sarufi ya Kiarabu. Katika fiqhi, pamoja na Ishaq al-Maghribi, alisoma kwa Abdul-Rahman bin Nuh al-Maqdisi na Sallar al-Irbili.

Wakati mmoja alitaka kujifunza pia utabibu. Alinunua al-Qanun, kitabu cha tiba cha Ibn Sina, na kuanza kukisoma. Kwa siku kadhaa alihisi moyo wake umefifia na hakuweza kufanya kazi yoyote. Alipotafakari sababu, aliona kwamba amejitwika jambo lisilo lake, akakiuza kitabu. Kisa hiki hakimaanishi kwamba aliidharau tiba. Katika maandishi yake aliihesabu tiba pamoja na hesabu kuwa faradhi ya kutosheleza, yaani elimu ambayo jamii nzima inapata dhambi ikiwa hakuna hata mtu mmoja anayeijua.

Chakula, mavazi na zawadi

Nawawi alikuwa akila mara moja tu kwa siku, baada ya sala ya isha, na kunywa maji mara moja wakati wa daku. Aliacha baadhi ya vyakula kwa sababu za masomo. Alikataa matango, kwa mfano, akihofia kwamba yangempa usingizi.

Hakula matunda ya Dameski, mji uliozungukwa na bustani nyingi. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kisheria. Bustani nyingi zilikuwa wakfu au mali ya mayatima na watu wengine waliosimamiwa na walezi. Mali ya namna hiyo haifai kutumiwa ila kwa njia yenye manufaa ya wazi kwa mwenyewe, na mikataba ya kuitunza kwa kugawana mazao ilikuwa na hitilafu baina ya wanachuoni. Kwa kuwa hakuweza kujua tunda lipi limetoka wapi, aliyaacha yote. Tabia hii ya kujiepusha na jambo lenye shaka huitwa wara kwa Kiarabu.

Alivaa nguo za kawaida za pamba na kilemba kidogo. Mama yake alikuwa akimtumia kanzu kutoka Nawa, na wazazi wake walimletea chakula. Hakupokea zawadi kwa mtu yeyote ila aliyemjua vizuri kwa uchamungu wake, na kwa sharti kwamba mtu huyo hasomi kwake. Mwalimu anayepokea kitu kwa mwanafunzi huweza kupata shida ya kumsahihisha au kumkatalia ijaza, na Nawawi alichagua kuufunga mlango huo kabisa.

Kazi ya ualimu

Kuanzia miaka ya 1260 Nawawi alianza kuandika na kufundisha. Mwaka 1267, baada ya kifo cha mwanahistoria Abu Shama, aliteuliwa kuwa mkuu wa Dar al-Hadith al-Ashrafiyya, chuo cha hadithi kilichowekwa wakfu na mfalme al-Ashraf wa ukoo wa Ayubi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Ibn al-Salah, mwandishi wa kitabu maarufu cha elimu ya hadithi. Nawawi alikuwa na umri wa miaka 33 tu alipopewa nafasi hiyo, na alibaki nayo hadi alipofariki.

Cheo hicho kilikuwa na mshahara, lakini hakuutumia kwa ajili yake. Ulitumika kununua vitabu na mali nyingine, ambazo aliziweka wakfu kwa chuo.

Adabu za mwalimu na mwanafunzi

Nawawi aliandika kuhusu maadili ya elimu katika sehemu mbili hasa: katika utangulizi mrefu wa kitabu chake cha fiqhi al-Majmu', na katika al-Tibyan, kitabu cha adabu za wanaosoma na kufundisha Kurani. Mafunzo yake makuu ni haya.

Kuhusu mwalimu, alieleza kwamba nia yake iwe ni kumridhisha Mungu, si kutafuta mali, cheo au wafuasi. Asichukie mwanafunzi wake anapokwenda kusoma kwa mwalimu mwingine, kwa kuwa chuki hiyo huonyesha kwamba nia yake haikuwa safi. Awe mpole na mvumilivu, awaulizie wasiofika darasani, na afundishe kwa hatua kulingana na uwezo wa kila mmoja. Anayejibu vizuri asifiwe ili apate moyo, na anayepungukiwa asahihishwe bila ukali. Akiulizwa asilolijua, aseme hajui. Kukiri hivyo hakumpunguzii heshima. Aliongeza kwamba mwalimu asikatae kumfundisha mtu kwa sababu tu nia ya mtu huyo bado haijanyooka, kwa kuwa elimu yenyewe inaweza kuinyoosha.

Kuhusu mwanafunzi, alieleza kwamba aanze kwa kuusafisha moyo na kuhifadhi Kurani. Achague mwalimu mwenye elimu na tabia njema, amheshimu, asimkatize, na asimsumbue akiwa amechoka au ana huzuni. Asahihishe maandishi kwa mwalimu kabla ya kuyahifadhi, ili asije akahifadhi makosa. Adurusu na wenzake, aandike kila faida anayoisikia, na asiwahusudu wenzake.

Jambo moja katika mafunzo hayo linashangaza ukilinganisha na maisha yake. Aliandika kwamba mwanafunzi asijitwike mzigo asioweza kuubeba, asije akachoka na kuacha, na kwamba watu hutofautiana kwa uwezo. Aliyekesha miaka miwili bila kulala kitandani hakuwaagiza wanafunzi wake wafanye hivyo.

Barua kwa Sultani

Vita dhidi ya Wamongolia na Wafaranga vilihitaji fedha nyingi. Sultani Baybars aliongeza kodi, na serikali yake ilizuia mashamba na bustani za watu katika Ghuta, eneo la rutuba linalozunguka Dameski, ikidai kwamba ni mali ya dola mpaka wenyewe wathibitishe umiliki wao. Wakulima na wenye bustani walikuwa katika hatari ya kupoteza riziki, na mwaka huo mvua ilikuwa haba.

Nawawi aliandika barua, nayo ikatiwa saini na wanachuoni wengine wa mji. Aliomba raia wapunguziwe mzigo na akaeleza kwamba kwa mujibu wa sheria mtu mwenye kitu mkononi mwake hatakiwi kuleta ushahidi. Anayedai ndiye anayepaswa kuuleta. Jibu la Sultani lilikuwa kali na la vitisho. Liliwalaumu wanachuoni kwa kunyamaza wakati Wamongolia walipoishika nchi. Nawawi aliandika tena. Alieleza kwamba haifai kumlinganisha mfalme Mwislamu na maadui wasioamini sheria ya Kiislamu, kwa kuwa hao hawangesikiliza hoja ya Kurani wala hadithi. Alisema kwamba vitisho havitamzuia yeye kutoa nasaha, kwa sababu hilo ni wajibu wake na wa wengine. Aliandika pia barua nyingine kuwatetea walimu wa fiqhi, serikali ilipotaka kupunguza mapato yao katika madrasa.

Masimulizi ya karne za baadaye yanaongeza kwamba Sultani alitaka fatwa ya kuhalalisha kutoza raia mali kwa ajili ya vita, wanachuoni wengi wakatia saini, Nawawi akakataa. Alieleza kwamba watumwa na wajakazi wa Sultani wana mikanda na mapambo ya dhahabu, na kwamba fatwa itawezekana baada ya mali hiyo kutumika kwanza. Sultani alikasirika na kumtaka atoke Dameski, naye akaenda Nawa.

Alipokuwa akimwandikia Sultani, Nawawi hakuwa na shamba la kunyang'anywa, mshahara aliouhitaji kwa ajili yake wala nyumba ya kufukuzwa. Mkate wa Rawahiyya na kanzu za mama yake vilimtosha. Waandishi wa wasifu wake wanaona kwamba wara aliyoizoea chumbani mwake wakati wa uanafunzi ndiyo iliyomwezesha kusema mbele ya mtawala jambo ambalo wengi wenye elimu kama yake walilinyamazia.

Vitabu

Nawawi aliandika kwa muda wa miaka 15 hivi tu. Baadhi ya vitabu vyake ni hivi:

- Minhaj al-Talibin: muhtasari wa fiqhi ya Shafii, uliofupishwa kutoka al-Muharrar cha Rafii. Wanachuoni wengi walikiandikia sherehe, hasa Ibn Hajar al-Haytami, Shamsuddin al-Ramli na Khatib al-Shirbini.
- Arba'in: jina lake lina maana ya arubaini, ingawa lina hadithi 42. Alizichagua zile zinazobeba misingi ya dini, akaanza na hadithi ya nia.
- Riyadh al-Salihin: mkusanyo wa aya na hadithi kuhusu tabia, ibada na adabu, wenye hadithi karibu 1,900.
- al-Adhkar: dua na nyiradi za nyakati mbalimbali za siku.
- Sherehe ya Sahihi ya Muslim: ufafanuzi wa mojawapo ya vitabu viwili vikuu vya hadithi.
- al-Majmu': sherehe ya al-Muhadhdhab, kitabu alichokihifadhi alipokuwa kijana. Alifariki kabla hajakimaliza, akiwa amefika mlango wa riba.
- Rawdhat al-Talibin: kitabu kikubwa cha fiqhi ya Shafii.
- al-Tibyan: adabu za wenye kubeba Kurani.

Ibn al-Attar alisimulia kwamba mwalimu wake alimwamuru kuosha wino wa takriban mafungu 1,000 ya karatasi alizoandika kwa mkono, akihofia kwamba nia yake katika kuziandika haikuwa safi. Mwanafunzi alitii, na baadaye aliendelea kuyasikitikia maandishi hayo.

Kifo

Mwaka 1277 Nawawi alirudisha vitabu alivyokuwa ameazima, akazuru makaburi ya walimu wake Dameski, akawaaga marafiki. Alizuru Yerusalemu na Hebron, kisha akarudi Nawa nyumbani kwa wazazi wake. Huko aliugua na kufariki mwezi wa Desemba, tarehe 24 Rajabu 676 Hijria, akiwa na umri wa miaka 44. Sultani Baybars alikuwa amefariki Dameski miezi michache kabla yake.

Alizikwa Nawa, na kaburi lake lilizuriwa kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa 2015, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Syria, lililipuliwa na wapiganaji.

Athari yake Afrika Mashariki

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wake tayari ni Mashafii. Elimu ya madhehebu hayo iliimarishwa na wanachuoni na masharifu kutoka Hadhramaut waliofanya makazi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Visiwa vya Komoro.

Katika mafunzo ya jadi ya pwani, mwanafunzi wa fiqhi huanza na vitabu vidogo kama Safinat al-Naja, huendelea na kile cha Abu Shuja, na anayefika mbali husoma Minhaj pamoja na sherehe zake. Makadhi wa pwani walikitegemea kitabu hicho katika kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Minhaj ilifasiriwa pia kwa Kifaransa na L. W. C. van den Berg, aliyeitoa Batavia kati ya 1882 na 1884, na tafsiri ya Kiingereza ya E. C. Howard, iliyotokana na ile ya Kifaransa, ilitoka London mwaka 1914. Kwa njia hiyo mahakimu wa kikoloni wasiojua Kiarabu waliweza kuirejea.

Arba'in husomwa na watoto wa madrasa, ambao wengi huhifadhi hadithi zake kwa Kiarabu na kufundishwa maana kwa Kiswahili. Riyadh al-Salihin husomwa msikitini baada ya sala, na katika darasa za mwezi wa Ramadhani. Vitabu hivyo viwili vimefasiriwa kwa Kiswahili.